Mwasi anakula kwa nani? RENAMO, UNITA na serikali zilizowashika mkono

Bandiko la 1 – Mtunza Kumbukumbu (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa vita vya wenyewe kwa wenyewe barani mwetu unapoanza, baada ya mabandiko machache tu tunakuwa tumeshagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba waasi wote ni vibaraka na kwamba bila mkono wa nje isingelia hata risasi moja. Kundi la pili hujibu kwamba mkono wa nje ni kisingizio cha watawala walioshindwa kuwatendea haki raia wao. Mimi naona swali lenye manufaa zaidi ni la jikoni: mwasi huyu anakula kwa nani, na siku atakaponyimwa sahani hiyo ataenda kula wapi?

Ningependa tulipime swali hilo kwa Msumbiji na Angola. Zote mbili zilijitawala kutoka kwa Wareno mwaka 1975, zote zilishikwa na vyama vilivyojitangaza kuwa vya Kimarx (FRELIMO huko Msumbiji, MPLA huko Angola), na zote zilipigwa na waasi (RENAMO huko Msumbiji, UNITA huko Angola) walionyonyeshwa na makaburu wa Afrika Kusini. Hata hivyo Msumbiji ilipata amani Oktoba 1992, ilhali Angola iliendelea kuzika watu hadi Aprili 2002. Leo nitaanza na Msumbiji, maana ni jirani yetu na tumemwaga damu huko.

RENAMO haikuzaliwa katika kijiji chochote cha Msumbiji. Ilizaliwa katika idara ya ujasusi ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), iliyokuwa chini ya Ken Flower, na sababu yake ilikuwa ya Kirhodesia kabisa. Mwezi Machi 1976 Samora Machel, rais wa Msumbiji, alifunga mpaka ili kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya serikali ya Ian Smith, na wapiganaji wa ZANLA, waliopigania uhuru wa Zimbabwe, walikuwa wakipewa njia na kambi katika mikoa ya Tete na Manica. Smith alihitaji macho na masikio ndani ya Msumbiji, pamoja na mtu wa kumchosha Samora. Wakakusanywa askari waliowahi kulitumikia jeshi la Wareno, watoro wa FRELIMO na watu waliopoteza mali kwa sababu ya uhuru. Redio yao, Voz da África Livre, ilianza kurusha matangazo kutoka Rhodesia mwaka huo huo wa 1976, kabla hawajawa jeshi la kuhesabika. Yaani sauti ilitangulia bunduki, na sauti yenyewe ilikuwa ya kukodi.

Kamanda wa kwanza, André Matsangaíssa, alikuwa askari wa FRELIMO aliyetoroka kambi ya kurekebishwa tabia. Aliuawa Gorongosa mwezi Oktoba 1979, na Afonso Dhlakama akashika nafasi yake. Watu wa vijijini waliendelea kuwaita wapiganaji wote wa upande huo "matsanga", kwa jina la marehemu, wakati serikali iliwaita "bandidos armados", majambazi wenye silaha, na kwa muda mrefu ilikataa katakata kukiri kwamba kulikuwa na vita vya kisiasa.

Sasa tazameni kilichotokea mwaka 1980. Zimbabwe ilipata uhuru mwezi Aprili, na mfadhili wa RENAMO akatoweka kwenye ramani. Kwa hesabu ya kawaida kikundi hicho kilipaswa kufa hapo. Badala yake kilirithishwa kama mtoto wa marehemu: wapiganaji na redio vilihamishiwa Afrika Kusini, wakapewa kambi karibu na Phalaborwa, na malezi yakachukuliwa na idara ya ujasusi wa kijeshi ya makaburu. Kutoka kikundi kidogo kilichokuwa kimechakaa, katikati ya muongo huo walikadiriwa kuwa wapiganaji 20,000 hivi.

Kilichobadilika si ukubwa tu, bali pia orodha ya vitu vya kuharibu. Tarehe 1 Aprili 1980 nchi tisa zilikutana Lusaka kuunda SADCC, umoja wa kiuchumi wa nchi za kusini mwa Afrika, kwa lengo la kupunguza utegemezi wao kwa reli na bandari za Afrika Kusini. Zimbabwe, Zambia na Malawi zingeweza kupitishia mizigo Beira, Nacala na Maputo, na Durban ingekosa wateja. Baada ya hapo reli zikaanza kung'olewa, madaraja yakalipuliwa, na bomba la mafuta kutoka Beira kwenda Mutare likawa halipitishi wiki kwa amani hadi Zimbabwe ilipopeleka askari wake kulilinda. Desemba 1982 ghala la mafuta la Beira liliteketezwa katika shambulio la makomando wa Afrika Kusini wenyewe, maana baadhi ya kazi hazikuachiwa mwanagenzi. Ukitaka kumjua mfadhili, tazama kinachochomwa.

Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho sijawahi kukielewa vizuri. Bwawa la Cahora Bassa lilijengwa hasa ili kuiuzia Afrika Kusini umeme, na nguzo zilizobeba umeme huo ziliangushwa kwa mamia na watu waliokuwa wakilishwa na Afrika Kusini. Mwenye nyumba alikuwa akimlipa kijana wa kukata waya wa taa yake mwenyewe, alimradi jirani akose pesa.

Halafu ukaja Mkataba wa Nkomati, ambao kwangu ndio moyo wa jambo hili. Tarehe 16 Machi 1984 Samora Machel na P. W. Botha, waziri mkuu wa Afrika Kusini, walikutana mpakani wakatia saini ahadi ya kutoshambuliana na ya ujirani mwema. Msumbiji ilikuwa imefika ukingoni, kwa kuwa ukame na vita vilikuwa vimeshaua watu wengi sana kwa njaa. Ilitimiza upande wake kwa uchungu: wanachama wa ANC, chama kilichopigana na makaburu, waliondolewa, ikabaki ofisi ndogo ya watu kumi mjini Maputo. Makaburu, kwa upande wao, waliwashushia waasi akiba kubwa ya silaha kabla ya siku ya saini, kisha wakaendelea kuwahudumia kimyakimya.

Hayo si maneno ya Maputo pekee. Agosti 1985 majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yaliteka Casa Banana, makao makuu ya RENAMO huko Gorongosa, yakakuta daftari zilizoandikwa na waasi wenyewe, zenye habari za mikutano na maofisa wa Afrika Kusini, ndege zilizotua na shehena zilizoshushwa baada ya Nkomati. Hata naibu waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini, Louis Nel, alikuwa ameshafika kambini humo. Pretoria ilikiri makosa ambayo iliyaita ya kiufundi tu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba 1986, ndege ya Samora ilianguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini, na hadi leo chanzo chake kinabishaniwa. Sitaingia huko, maana uzi huu utaisha kwa rada na marubani.

Hoja yangu ni hii: saini ya mfadhili haizimi vita ikiwa faida aliyokuwa akiitafuta bado ipo palepale. Nakaribisha maoni.

Bandiko la 2 – Jirani wa Masasi

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa mada yenye nyama. Nimekulia kusini, na katika utoto wangu wakimbizi wa Msumbiji walikuwa majirani zetu, hivyo nitazungumza kama mtu aliyesikia habari hizi jikoni kwao kabla ya kuzisoma.

Umeeleza vizuri nani aliileta RENAMO, lakini hujaeleza kwa nini haikutemwa. Chama tawala kiliwaondoa watawala wa jadi, wale walioitwa régulo, kikawadhihaki waganga, kikagombana na makanisa, na kikawahamishia wakulima katika vijiji vya jumuiya vilivyofanana sana na vijiji vyetu vya ujamaa. Watu waliotenganishwa na mashamba na makaburi ya babu zao hawakuhitaji redio ya Rhodesia kuwaambia kwamba wameonewa. Katika sehemu za Nampula na Zambézia wapo machifu waliohama na watu wao wote kwenda upande wa RENAMO kwa hiari yao, wakiona kwamba angalau huko wanaheshimiwa.

Tazama pia kura za Oktoba 1994, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Joaquim Chissano wa FRELIMO alishinda urais kwa asilimia 53, lakini Dhlakama alipata karibu asilimia 34, na RENAMO ikachukua viti 112 kati ya 250, ikiongoza katika mikoa ya Sofala, Manica, Tete, Zambézia na Nampula. Makaburu hawakuwapo tena kuwapigia debe. Kibaraka mtupu hapati kura hizo.

Ninaogopa hadithi ya mkono wa nje ikisimuliwa peke yake, kwa sababu ndiyo hadithi ambayo kila serikali yenye waasi hupenda kusikia.

Bandiko la 3 – Mtunza Kumbukumbu

Jirani, hoja yako naipokea, na kura za 1994 ni ushahidi ambao hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuupuuza. Lakini nikurudishe nyumbani kidogo. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, hata sisi tulihamishwa kwa nguvu katika mikoa mingi. Wapo waliobomolewa au kuchomewa nyumba ili wasirudi, na hasira ilikuwapo. Kilichokosekana ni jirani mwenye kambi ya mafunzo, ndege na redio, aliyekaa ng'ambo ya mpaka akiwasubiri wenye hasira. Malalamiko ya Wamakua wa Nampula na ya Wagogo wa Dodoma hayakutofautiana sana kwa uzito wake. Yalitofautiana kwa kukutana au kutokukutana na mfadhili.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni namna ufadhili unavyobadilisha tabia ya mwasi. Mpiganaji anayetegemea ukarimu wa wanakijiji hulazimika kuwa na adabu, maana wakimchoka atalala njaa au atauzwa. Anayeshushiwa risasi kwa mwavuli anaweza kuwakosea adabu na bado akapigana kesho. Mwaka 1988 Robert Gersony, aliyekuwa amepewa kazi na wizara ya mambo ya nje ya Marekani, aliwahoji wakimbizi karibu 200 katika nchi kadhaa, kisha akaandika kwamba RENAMO iligawa maeneo kwa aina tatu. Yapo ambako wanakijiji walitozwa chakula, yapo ambako walishikiliwa na kulimishwa kwa nguvu, na yapo yaliyolengwa kuharibiwa kabisa. Alikadiria kwamba raia wapatao 100,000 huenda waliuawa. Mwaka mmoja kabla, tarehe 18 Julai 1987, watu zaidi ya 400 waliuawa huko Homoine, mkoa wa Inhambane, baadhi yao wakiwa wagonjwa hospitalini. RENAMO ilikana kuhusika na Homoine, lakini ripoti ya Gersony, iliyotoka katika serikali ya Reagan ambayo haikuwa na mapenzi na Wamarx, iliwafungia milango mingi.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Reagan, aliyempokea Jonas Savimbi wa Angola kwa heshima, hakuikubali RENAMO licha ya shinikizo la watu wa mrengo wake. Uingereza ya Thatcher ilikwenda mbali zaidi ikawa inawafundisha askari wa Msumbiji huko Nyanga, Zimbabwe. Kwa hiyo RENAMO ilibaki na mfadhili mmoja mkubwa, na njia ya pembeni kupitia Malawi. Septemba 1986 Samora, Mugabe na Kaunda walimfuata Kamuzu Banda hadi Blantyre kumweleza kwamba wamechoka. Kabla mwaka haujaisha Malawi ilitia saini makubaliano ya usalama na Msumbiji, na mwaka uliofuata ikapeleka askari kulinda reli ya Nacala. Waasi waliosukumwa kutoka Malawi walimwagika Zambézia, na ndiko vijana wetu wa JWTZ walikopelekwa, wakakaa hadi mwisho wa 1988. Anayefika Mtwara apite makaburi ya mashujaa ya Naliendele.

Bandiko la 4 – Mwanafunzi wa Sheria

Wakuu, nimewasoma kwa makini, ila kuna tembo sebuleni mwetu na hakuna aliyemsalimia. FRELIMO yenyewe iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Ilifundishwa Kongwa na Nachingwea, ikavuka Ruvuma kwenda kupigana, ikarudi kulala kwetu. Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Mwaka 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, iliyokuwa ikijitenga na Nigeria. Mwaka 1979 tuliingia Uganda pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na serikali iliyofuata ilitokana na mkutano uliofanyika Moshi.

Je, tunalo jibu lisilo la kishabiki? Au kila mtu humwita wa kwake mpigania uhuru na wa mwenzake mwasi? Mkataba wa OAU wa 1963 ulilaani uchochezi wa dola moja dhidi ya nyingine, na bara hilo hilo lilikuwa na kamati rasmi ya kusaidia wenye silaha. Naomba mleta mada asinijibu kwa jazba.

Bandiko la 5 – Mtunza Kumbukumbu

Sina jazba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo wazee wetu waliulizwa na Wareno kila siku.

Jibu la kisheria lipo, ingawa haligusi yote uliyoyataja. Azimio namba 2625 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1970, lilizitaka dola zisipange, zisichochee wala zisisaidie vita vya ndani katika nchi nyingine, lakini hapohapo lilikubali kwamba watu walionyimwa haki ya kujiamulia mambo yao wanaweza kuomba na kupokea msaada. Ureno haikuwa serikali ya Wamsumbiji iliyokosea. Ilikuwa dola ya ng'ambo iliyowatawala. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria kwa kuwafundisha, kuwapa silaha na kuwagharamia waasi wa Nicaragua, na tarehe 19 Desemba 2005 mahakama hiyo hiyo iliiona Uganda na hatia kuhusu Kongo, kwa uvamizi na kwa msaada wa kijeshi kwa vikundi vyenye silaha. Fidia ya dola milioni 325 ilipangwa mwaka 2022. Kwa hiyo mstari upo, na umeshatumika dhidi ya wakubwa na dhidi ya jirani zetu.

Biafra na Uganda ndizo zinazonitatiza. Utambuzi wa Biafra ulikuwa tendo la kisiasa, na Mwalimu alilieleza kwa hoja ya uhai wa Waibo, lakini serikali ya Lagos ilikuwa na kila sababu ya kuliona kama tunawapa waasi nguvu. Kuhusu Uganda, Idi Amin ndiye aliyevamia Kagera mwaka 1978, na kumtoa Kagera kulikuwa haki yetu bila ubishi. Hata hivyo kujilinda kunaeleza safari ya kufika mpakani, hakuelezi vizuri safari ya kufika Kampala, na mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, ulisikia lawama hizo kutoka kwa viongozi wa Sudan na Nigeria. Nadhani Mwalimu alikuwa sahihi kumwondoa Amin, ila sidhani kwamba usahihi huo unatoka katika sheria.

Ninapopima, huongeza kipimo changu ambacho hakimo katika vitabu vya sheria: je, mpiganaji anaweza kumkatalia anayemlisha? FRELIMO ilipokea silaha za China na Urusi, fedha za OAU, misaada ya nchi za Skandinavia na ardhi ya Tanzania. Ilikula kwenye sahani nyingi, hivyo hakuna aliyeimiliki, na ilikuwa na uongozi uliogombana wenyewe kuhusu mwelekeo wake. RENAMO ya Rhodesia ilichaguliwa hadi wasemaji wake. Ilichukua miaka mingi kabla Dhlakama hajaanza kusema jambo ambalo si maneno ya waliomweka.

Bandiko la 6 – Mama wa Ibanda

Ndugu zangu, naandika nikiwa Bukavu, na nawaomba radhi ikiwa Kiswahili changu cha huku kitawachekesha.

Niliposoma habari za Nkomati nilitulia kwanza. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Novemba 2012. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi walisaidiwa na jeshi la Rwanda, Kigali ikakanusha, wafadhili wa Magharibi wakazuia baadhi ya misaada yao kwa Rwanda, na mwaka 2013 M23 ilishindwa vitani. Tukaambiwa imekwisha. Mwisho wa 2021 ikarudi. Januari 2025 Goma ikatekwa tena, na mwezi uliofuata zamu ikawa yetu. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba huko Washington, na siku hiyo watu wazima wa mtaa wetu walikaa mbele ya redio kama watoto.

Swali langu kwa baba mleta mada si kuhusu nani anasaidia nani, hayo huku tunayo macho. Nauliza hivi: anayewalisha akiondoa mkono wake kweli, vita vitaisha? Maana mlimani kuna mgodi.

Bandiko la 7 – Mtunza Kumbukumbu

Mama wa Ibanda, Kiswahili chako kinatushinda wengi wetu, na pole kwa mnayoyapitia. Swali lako ndilo lililonifanya nitaje Angola mwanzoni, nami nimechelewa kulifikia.

Kwanza jambo moja kuhusu mwaka 2013. Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia jeshi la Kongo kuishinda M23 iliundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nchi hizohizo tatu, miaka 26 tu kabla, zilikuwa zimesimama sehemu tatu tofauti katika vita vya Msumbiji: mmoja akiwapinga waasi, mmoja akiwalisha, na mmoja akiwa ametoka kubanwa ili awafunge njia. Afrika Kusini haikubadilika kwa sababu ya mkataba. Ilibadilika utawala, na pamoja na utawala ikabadilika faida iliyotafutwa Msumbiji.

Hilo ndilo lililoifikisha RENAMO Roma. Mwaka 1990 makaburu walikuwa wameshaanza kuzungumza na Mandela, na RENAMO haikuwa na mali ya kujitegemea zaidi ya pembe za ndovu na mazao ya wakulima. Ukame wa 1991 na 1992 ukawaacha hata wakulima hawana cha kunyang'anywa. Jumuiya ya Sant'Egidio na Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira, waliendesha mazungumzo ya miaka miwili na zaidi, na tarehe 4 Oktoba 1992 Chissano na Dhlakama wakatia saini. Lakini kinachosahauliwa ni kwamba Umoja wa Mataifa ulianzisha mfuko wa kuigeuza RENAMO kuwa chama cha siasa, na Italia ikiwa mchangiaji mkubwa mfuko huo ulitoa zaidi ya dola milioni 15. Wapo waliosema hiyo ni hongo kwa wauaji. Ilikuwa hongo, na ilifanya kazi, kwa sababu ilikuja wakati sufuria lingine lilikuwa tupu.

UNITA ya Savimbi ilikuwa na wafadhili wakubwa zaidi. Jeshi la makaburu liliingia Angola mwaka 1975 kuisaidia, CIA ikiwa upande huohuo, na Wacuba wakavuka bahari kuja kuilinda serikali ya MPLA. Bunge la Marekani lilipiga marufuku msaada huo mwaka 1976, likaondoa marufuku mwaka 1985, na Savimbi alipotoka Ikulu ya Washington mwezi Januari 1986 alikuwa njiani kupata makombora ya Stinger ya kuangushia ndege, yaliyopitia Zaire ya Mobutu. Makao yake ya Jamba, kusini mashariki, yalipokea wageni na waandishi wa habari kama mji mkuu wa nchi ndogo. Kisha, tarehe 22 Desemba 1988, Angola, Cuba na Afrika Kusini zilitia saini New York: Namibia ingepata uhuru na Wacuba wangerudi kwao. Mkataba wa amani wa Bicesse wa 1991, kati ya serikali na UNITA, ukamfungia hata Mmarekani njia ya kuwapa silaha. Katika uchaguzi wa Septemba 1992, mwezi ule ambao Roma walikuwa wakimalizia mkataba wa Msumbiji, Savimbi alipata asilimia 40 dhidi ya karibu 50 za rais dos Santos wa MPLA, akakataa matokeo na kurudi vitani.

Aliweza kurudi vitani kwa sababu alikuwa na bonde la mto Cuango na almasi zake. Kwa miaka kadhaa ya muongo wa tisini mali hiyo ilimwingizia mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo vya silaha na mafuta mwaka 1993, na vya almasi mwaka 1998 tu. Ripoti iliyoongozwa na Robert Fowler, balozi wa Kanada, mwezi Machi 2000 iliwataja kwa majina marais wa Togo na Burkina Faso kuwa walimsaidia kupitisha silaha na almasi, nao wakakana. Hao hawakuwa wafadhili wa zamani wenye sera na ramani. Walikuwa madalali, na dalali humhudumia yeyote mwenye mzigo.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni kwamba mkono ukiondoka na mgodi ukabaki, mwasi hubadilisha jiko tu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba M23, tangu ilipoishika Rubaya, mji wa migodi, mwaka 2024, imekuwa ikikusanya dola 800,000 hivi kwa mwezi kutokana na ushuru wa koltani, na kwa kuwa madini hayo hayaliwi mlimani, lazima yapite mpaka fulani na kuuzwa kwa mtu fulani. Ningekuwa mjumbe katika meza yoyote ya mazungumzo ya Kivu, ningesoma vifungu vya usafirishaji kabla sijasoma vifungu vya kusitisha mapigano.

Savimbi aliuawa mkoani Moxico tarehe 22 Februari 2002, na tarehe 4 Aprili mkataba wa mwisho ukatiwa saini Luanda. Vikwazo vilikuwa vimeuma, Cuango ilikuwa imeshapotea, na jeshi la serikali lilikuwa limehamisha wanavijiji kwa nguvu ili pasibaki shamba la kuchuma. Wapiganaji wa UNITA walipoanza kuingia kwenye kambi za kusalimisha silaha, wakiwa na wake na watoto wao, madaktari waliowapokea walikuta watu waliokuwa wakifa kwa utapiamlo, na kazi ya wiki za kwanza za amani ikawa kuwalisha uji.